Makao ya Uzeeni

Msomaji, watumishi wengi wa serikali ya Kenya hustaafu wakiwa na miaka 60. Siku hiyo mwalimu akaaye katika nyumba ya shule hurudisha ufunguo. Aende wapi? Shambani kwao pana nafasi na majirani wa tangu utoto, lakini hospitali yaweza kuwa mbali. Kwa mwanawe mjini hospitali i karibu, lakini atashinda peke yake, wenyeji wakiwa kazini. Makao ya wazee yana walezi, bali hayana jamaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Heshima hiyo huanza kwa kumwuliza apendako. Usimchagulie mzazi wako makao kwa uzuri wa kuta zake: nyumba njema si mlango.