Noeli Tatu za Kanali Potter

Mtu arudiaye katika uzee kitu alichokipenda katika ujana huenda kama aendaye kumjulia hali rafiki, si kama akaguaye hesabu. Ndivyo alivyokuwa mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga siku alipoletewa na binti yake aishiye ng'ambo kisanduku cha diski za M*A*S*H. Alikuwa ameuona mchezo huo kwanza alipokuwa mwanafunzi katika Marekani, toka mwaka 1974 hata 1977, katika sebule ya bweni lililokuwa na televisheni moja na viti visivyotosha. Baridi ilikuwa nje, nyumbani kulikuwa mbali, na kucheka pamoja na wageni kulimpunguzia ugeni.

Mchezo wenyewe ni wa kuchekesha, lakini mahali pake si pa kuchekesha. Madaktari wa jeshi la Marekani wamo katika hospitali ya mahema karibu na mapigano ya Korea. Usiku hupasua na kushona miili ya vijana, na mchana hufanya mzaha wasije wakarukwa na akili. Vita hivyo vilianza tarehe 25 Juni 1950, na mizinga ikanyamaza tarehe 27 Julai 1953. Mchezo ulianza Septemba 1972, ukaisha tarehe 28 Februari 1983 baada ya sehemu 251. Maji ya pipa yalitiwa katika kata, na yaliyomwagika ndiyo habari ya insha hii.

Bwenini mwalimu hakuona kosa hata moja. Alingoja juma zima baina ya sehemu na sehemu, na mwenye kungoja hakagui. Sasa alitazama sehemu tatu au nne kwa jioni moja, tena ubavuni pake alikaa mjukuu wake, msichana wa miaka 12, mwenye daftari na kalamu.

"Babu," aliuliza siku ya nne, "huyu daktari ana mama au hana?"

Swali lilikuwa la haki. Hawkeye Pierce, daktari aliye moyo wa mchezo, katika miaka ya awali humwandikia baba yake barua, akatuma salamu kwa mama na kwa dada, na kwao ni Vermont. Baadaye kwao ni Crabapple Cove katika Maine, dada hayupo wala hakupata kuwapo, na mama alikufa Hawkeye akiwa na umri wa miaka kumi. Babu alijibu kwamba vita huwasahaulisha watu mengi, akaona mwenyewe kwamba jawabu lake halina miguu.

Daftari lilijaa. Mke wa Kanali Henry Blake alikuwa Mildred, kisha akawa Lorraine; alipokuja mkuu mwingine, Kanali Potter, naye mkewe akawa Mildred, kana kwamba jina lilirithiwa pamoja na meza ya ofisi. Karani Radar, ambaye mwanzoni huvuta sigara nene na kuonja pombe ya mkuu wake, baadaye ni kijana mwenye haya asiyetaka ila soda ya zabibu. Lakini lililomfurahisha msichana kupita yote ni lile la Potter. Huyu alifika kambini tarehe 19 Septemba 1952, imetajwa waziwazi. Toka siku hiyo hata mwisho wa vita ni miezi kumi na siku chache, na Noeli iliyomo ni moja tu. Walakini Kanali Potter alisherehekea Noeli kambini katika mwaka wa mchezo wa 1978, tena 1980, tena 1981. Zaidi ya hayo, sehemu moja humwonyesha akiukaribisha mwaka 1951, miezi ishirini kabla ya kufika kwake.

"Hawakuwa na kalenda?" aliuliza msichana.

Mwalimu hakupenda kuwatetea waandishi kwa uongo. Alisema kwamba aandikaye sehemu ya kumi hajui kama kutakuwa na ya mia mbili, na mama aliyetajwa ili kuipamba barua moja hupotea bila ya mtu kukusudia kumwua. Wala makosa hayakuenea kila mahali. Kampuni ya televisheni ilitaka kicheko cha watu wasioonekana kisikike nyuma ya maneno, na kilisikika. Lakini watengenezaji walikataa kisiingie katika chumba cha upasuaji, na humo hakikuingia. Mwalimu alimwambia mjukuu wake asikilize. Alisikiliza, akaacha kuandika kwa muda.

Kisha walifika kwenye sehemu aliyokuwa akiingoja toka siku ya kwanza, ile iliyoonyeshwa tarehe 18 Machi 1975. Henry Blake ameruhusiwa kwenda kwao. Mwalimu alikuwa amewasimulia wanawe kifo chake, na wanafunzi wake, na mjukuu huyu pia: jinsi ndege ilivyoinama ubavu, moshi ukatoka, bahari ikaipokea, na jinsi bweni zima lilivyokaa kimya. Aliisimulia kwa miaka hamsini bila ya kubadili neno.

Blake aliaga, akapanda helikopta, akaondoka. Madaktari walikuwa katika kazi yao. Radar aliingia bila ya kufunika uso, akasoma karatasi: ndege ya Kanali Blake imepigwa juu ya Bahari ya Japani, na hakuna aliyepona. Mahali fulani chombo kilianguka sakafuni. Mikono haikuacha kushona. Baada ya hayo zilikuja picha za Blake wa siku za furaha, na sehemu ikaisha.

"Babu, ndege iko wapi?"

Alirudisha nyuma. Helikopta, chumba cha upasuaji, karatasi, chombo kinachoanguka. Alirudisha tena, safari hii taratibu, akiwa ameinama mbele hata miwani ikamteleza puani. Hapakuwa na bahari, wala moshi, wala ndege iliyoinama. Palikuwa na kijana mwenye karatasi tu. Mwalimu alizima televisheni, akakaa. Kimya cha bwenini alikikumbuka bado, na majina ya wawili walioketi karibu naye, na kiti kilichovunjika mguu. Ila sasa hakuweza kujua lipi katika hayo lilikuwa la sebule ile, na lipi aliliweka yeye baadaye.

Msichana alikuwa ameshika kalamu tayari. "Niliandike na hili?"

"Liandike, mjukuu wangu," alisema. "Lakini fungua ukurasa mwingine."