Mavi ya Chuma na Kibuyu cha Rubisi

Magofu ya kale ya ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria hayana kuta za mawe kama yale ya Kilwa Kisiwani, kwa kuwa yamefunikwa na udongo wa migomba, na mgeni anaweza kuyakanyaga kutwa nzima bila kujua. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Bukoba, kinachoonekana ni mavi ya chuma, yaani mabonge meusi yanayobaki baada ya mawe yenye chuma kuyeyushwa, pamoja na vigae vya vyungu vya mtindo wa Urewe, ulioitwa kwa jina la mahali nchini Kenya. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyeanza utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1960, aliongozwa na wazee wa Kihaya, ambao masimulizi yao kuhusu mfalme Rugomora Mahe na mti wa Kaiija, pahali palipotajwa kuwa pa kufulia chuma, yalimfikisha kwenye mabaki ya uhunzi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Ni jambo la kustaajabisha, na halijasifiwa vya kutosha, kwamba midomo ya watu ilihifadhi kumbukumbu ya mahali hapo kwa muda mrefu hivyo.

Midomo hiyo ilikuwa na baraza yake, na barazani palikuwa na rubisi. Rubisi ni kinywaji cha ndizi zilizovundikwa siku kadhaa mpaka zikaiva sawasawa, zikamenywa na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi, kisha maji yake matamu yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa usiku mmoja yachachuke. Mtama ndio unaokipa ukali na ladha ya moshi, na kwa sababu hakikai siku nyingi kabla ya kuwa kichachu, kilinywewa pale pale kilipotengenezwa, kibuyu kikipita kwa mpangilio wa umri na heshima, baada ya wahenga kutengewa sehemu yao.

Kwa hiyo mtu wa Kiseke, wakati mtaa huo wa Ilemela, jijini Mwanza, ungali mashamba na majabali, ilimlazimu kukifuata kinywaji hicho kiliko. Safari ambazo mwandishi wa kumbukumbu hii alizifanya zilianzia bandarini Mwanza jioni na kuishia Bukoba alfajiri, hadi ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996 ilipowafanya wengi, yeye akiwa mmojawapo, wageukie barabara na kivuko cha Kigongo na Busisi, ambako foleni ya magari ilikula saa nyingi.

Kilichobadilika zaidi, hata hivyo, si njia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, mkoa wenye mji wa Bukoba, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata baraza zilipungukiwa na wasimulizi na pia na vijana ambao wangewarithi, hata ikawa mgeni anakaribishwa kibuyu lakini hakuna wa kumwambia ni nani aliyefua chuma chini ya miguu yake. Mwaka 2006 ukaja mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaoozesha mgomba kutoka ndani, ambao wadudu huusambaza kupitia ua dume, na ndizi za pombe ndizo zilizoathirika vibaya. Wakulima walifundishwa kulivunja ua hilo kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa panga, kwani panga nalo hubeba ugonjwa.

Wazee waliobaki Katuruka walianza, mwishoni mwa muongo huo huo, kuhifadhi wenyewe eneo lao la kale na kulifungulia wageni. Katika maduka ya Bukoba, mvinyo wa ndizi uliochujwa, kutiwa hamira na kufungwa kwenye chupa umekaa kando ya mvinyo wa zabibu wa Dodoma. Ni mzuri na unakaa miezi, ila hauna mtama, na aliyezoea kibuyu huutafuta moshi ule asiupate. Tangu Juni 2025, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilometa 3, limeondoa foleni ya kivuko, na rubisi iliyochachuka Muleba, mkoani Kagera, usiku inaweza kufika Kiseke siku hiyo hiyo ndani ya dumu la plastiki, kifuniko kikiwa kimelegezwa kwa sababu bado inachemka.