Tangazo la Getini

Tangazo lile niliandika mimi. Lilikuwa karatasi moja, herufi kubwa, nikalitia ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe, na mwanzoni mwa Desemba 2020 nikalibandika kwenye geti letu, Spring Valley, hatua chache kutoka barabara ya Lower Kabete. Lilisema kwamba mfanyakazi yeyote atakayesafiri mashambani kwa Krismasi hatapokelewa kazini kabla ya siku 14 kupita, siku ambazo hatalipwa, ama sivyo alete cheti cha hospitali kinachothibitisha hana korona. Chini kabisa niliandika, "Tunawajali." Nilikuwa katibu wa kamati ya wakazi, na nilijivunia Kiswahili changu.

Mtaa huo ndio nililelewa, ila nyuma ya nyumba. Baba alikuwa mtunza bustani wa familia moja tangu miaka ya 1970, nasi tulikaa SQ, makazi ya watumishi, chumba kimoja kilichoegemea ua wa kayaba, bomba nje, jiko la makaa mlangoni. Spring Valley ya siku hizo ilikuwa nyumba za vigae kwenye viwanja vya ekari nzima, mbwa wakubwa, na ukimya ambao ungesikia gari likibadilisha gia kule Peponi Road. Mwaka tuliuhesabu kwa Desemba. Huko Ulaya mwezi huo ni wa theluji na watu kukimbilia kwenye joto. Nairobi baridi ni ya Julai, na Desemba ni jua, shule zimefungwa, na safari ya kwetu Vihiga.

Wiki mbili kabla, mama alianza kukusanya: sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, chumvi, na siku ya mwisho kabisa, mikate. Mkate wa Nairobi hauna tofauti na mkate mwingine, lakini nyanya aliukata vipande vyembamba akawagawia majirani kama ushirika mtakatifu. Tulilala kwenye stendi ya Machakos Country Bus, ambayo watu waliiita Airport kwa mzaha, tukingoja basi la Mbale, mji wa kwetu. Nauli imepanda maradufu, keria imejaa magodoro, na makanga anaapa kwamba nafasi bado ziko. Januari tulirudi na mahindi, njugu, kuku aliyefungwa miguu, na kikohozi. Kama hatukurudi nacho, basi tulikuwa tumekipeleka. Hakuna aliyeuliza kilitoka wapi.

Baba hakusafiri kila mwaka. Waajiri wake walishuka Mombasa kwa Krismasi, na lazima mtu abaki na mbwa. Akapatana na mpishi: mwaka huu mimi, mwaka ujao wewe. Kwa hiyo nusu ya Krismasi za utoto wangu tuliziita Krismasi za mbwa. Mama alitubeba sisi kwenda kwetu, baba akabaki akiwasongea mbwa ugali. Sikumbuki akilalamika. Ninachokumbuka ni kwamba tukirudi Januari alitaka kusimuliwa yote, nani alikuja, nani hakuja, hata nani alikalia kiti gani.

Mwaka 2020 nilikuwa nimehamia mbele. Mahali palipokuwa na bangalo mbili paliota nyumba kumi na mbili za ghorofa moja moja, nami nikapanga mojawapo. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, msafiri aliyerudi kutoka Marekani kupitia London. Aprili 6 Rais Uhuru Kenyatta akaifunga Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka, na haikufunguliwa hadi Julai 7. Miezi hiyo mitatu ilitubadilisha jina. Mtu wa Nairobi, ambaye zamani alipokelewa kwa vigelegele kwa sababu ya mkate, sasa alikuwa mleta kifo. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitusihi tusiwapelekee wazee ugonjwa vijijini. Siaya, mwezi huo wa Aprili, mtu mmoja alizikwa usiku wa manane bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe, na video ile iliwatia wazee hofu kuliko takwimu zote za Wizara.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika tangazo, hoja zangu zilikuwa nzito, na baada ya kulibandika zikazidi kupata uzito. Wimbi la pili lilikuwa limetupiga Oktoba na Novemba. Kafyu ya saa nne usiku ilikuwa imeongezwa hadi Januari 3. Desemba 7 wauguzi waligoma, na siku hiyo hiyo akafa Dkt. Stephen Mogusu, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa korona huku hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Madaktari nao wakagoma Desemba 21. Nyanya wa mtu akiugua huko kwetu, Sabatia au Luanda, nani angemwekea hata mtungi wa oksijeni? Tena hatukuwa peke yetu. Wuhan ilifungwa Januari 23 mwaka ule, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Wachina, na watu kama milioni tano walikuwa wameshaondoka. Desemba 19 serikali ya Uingereza ikaharamisha Krismasi ya kukutana London, na jioni hiyo stesheni za treni zikajaa wanaokimbia. Kila mahali watu waligombana na kalenda.

Lakini tangazo langu lilisema "mfanyakazi".

Wakazi halikuwahusu. Nyumba namba tatu walikwenda Dubai. Namba saba walipanda treni ya SGR wakaenda Diani, ambako hoteli zilijaa watu wa Nairobi waliochoka kufungiwa. Namba kumi walipokea ndugu waliokimbia baridi ya Uingereza, wiki zile zile ambazo kirusi kipya kilikuwa kikienea kusini mwa nchi hiyo. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza, kwa sauti ya chini, kama hao nao wangekaa siku 14. Nikamjibu kwamba wanaotoka nje wana cheti cha kipimo kisichozidi saa 96, sharti la serikali. Ilikuwa kweli. Ila wa Diani hawakuwa na cheti cha mtu yeyote, na hilo sikulitaja, naye hakuuliza tena. Msichana wa kazi wa namba saba alikwenda nao Diani kulea watoto; safari hiyo haikuhesabiwa kuwa kusafiri.

Ugonjwa uliingia nchini kwa ndege. Hilo mtoto wa darasa la nne alilijua. Nasi tukaweka kizuizi upande wa wanaopanda basi.

Kuna neno la zamani la karatasi ya aina ile. Kuanzia mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika aliyetafuta kazi alipaswa kubeba kipande, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, na bila saini ya mwajiri hakuweza kuondoka kihalali. Harry Thuku alikamatwa Machi 1922 kwa sababu ya kupinga mambo kama hayo, na waliokwenda kudai aachiliwe wakapigwa risasi katikati ya jiji. Haya nilifundishwa shuleni na nikapata alama nzuri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, yenye malipo, na haimuulizi anaipeleka wapi. Hiyo nayo niliijua.

Soja wetu wa mchana alikuwa mtu wa kwetu, wa upande wa Mbale, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano. Alikuwa amelinda mageti ya barabara ile muda mrefu kiasi cha kumjua baba. Nilipomaliza kubandika, alivaa miwani, akalisoma tangazo polepole hadi mwisho, akakunja miwani.

"Kiswahili kizuri, Katibu," akasema.

Kipimo katika hospitali binafsi kilikuwa cha maelfu ya shilingi, na siku 14 bila mshahara ni nusu mwezi wa chakula. Hakusafiri. Pesa za kumpimia kamati ilikuwa nazo. Desemba hiyo hiyo tulinunua taa za rangi za kupamba mti ulio karibu na geti.

Nami nilisafiri. Nisilizungushe jambo hili. Sikuwa mfanyakazi, nilikuwa na gari langu, na mama yangu alikuwa na miaka sabini na mitatu. Nilijiambia kwamba gari la binafsi si basi. Jioni ya Desemba 21 soja alinijia mlangoni na mfuko: mikate miwili, kilo mbili za sukari, leso, na noti zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari.

"Wewe unaenda," akasema. "Unifikishie kwa mama."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Nilitamani iwepo, nipate cha kujibu.

Nilisimama Kinungi nikanunua viazi na karoti, vijana sita wakiingiza vichwa dirishani. Nilisimama Kericho nikanywa chai katika hoteli iliyojaa. Barakoa ilining'inia kwenye kioo cha gari kama hirizi. Kisumu, Kiboswa, Majengo, Mbale. Hadi nafika kwa mama yake soja, nilikuwa nimepumua hewa ya watu wengi kuliko abiria yeyote wa basi. Matatu za viti kumi na vinne, kisheria, zilipaswa kubeba wanane tu. Sidai kwamba zilifuata.

Nyanya yule alikuwa Mkweka wa zamani, wa kanisa la Marafiki lililofika Kaimosi mwaka 1902. Alinishika mikono yote miwili kabla sijaamua kama nitampa. Akanikalisha kiti cha mwanawe. Akanyamaza kidogo, kama wanavyofanya wao, halafu akaomba. Kisha akauliza mbona mwenyewe hakuja.

"Kazi, nyanya," nikamwambia.

"Na wewe huna kazi?"

Nilikunywa chai yake, nikala mkate wa mwanawe, nikaondoka kabla ya kafyu.

Yaliyofuata hayakuniadhibu, na ndiyo maana yananisumbua. Januari 2021 maambukizi yalishuka. Maafa tuliyotabiri kwamba Krismasi itayapeleka vijijini hayakuonekana mwezi ule, na kamati ikajipongeza kana kwamba karatasi yetu ndiyo iliyoiokoa Vihiga. Wimbi lilikuja Machi, likamfanya Rais afunge kaunti tano, Nairobi ikiwemo, wiki moja na siku chache kabla ya Pasaka. Kisha Juni ikawa zamu ya magharibi: kaunti 13, yetu mojawapo, zikawekewa kafyu ya saa moja jioni, na maziko yakaamriwa yafanyike ndani ya saa 72. Kirusi cha Delta kilikuwa kimeshaonekana Kisumu, kwa watu waliotoka India. Kilifika kwa ndege, kama mwenzake.

Mama yake soja alikufa Julai hiyo. Sukari, walisema; alikuwa nayo miaka mingi. Saa 72 kwa maziko ya mtu wa umri wake, kwetu, ni kama kumzika mgeni. Mwanawe aliondoka asubuhi ya habari, akafika, akarudi Nairobi siku ya nne. Hakuna aliyemdai cheti. Ile ya 2020 ndiyo ilikuwa Krismasi ya mwisho ya mama yake, na aliyeila ni mimi.

Nilimpa pole getini. Akaniambia kwamba mama alimsimulia siku ile yote kwa simu, mara nyingi, hata kiti nilichokalia.

Sijaacha kuamini kwamba safari za Desemba ile zilikuwa na hatari. Wazee walikufa, na wengine waliambukizwa na watoto wao waliowapelekea sukari. Kama tungesema sote tubaki, wa Dubai, wa Diani, wa Mbale na katibu mwenyewe, ningelitetea tangazo lile hadi leo. Kama tungesema asafiriye apimwe na kamati ilipe, vilevile. Tulichofanya ni kumtoza mtu mmoja gharama ya hofu ya watu wote, kisha tukampigia honi atufungulie geti tukienda zetu.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Desemba iliyofuata Omicron ilienea kwa kasi kuliko kirusi chochote kilichotangulia, watu wakasafiri kama zamani, na hakuna aliyebandika kitu. Nyumba zetu kumi na mbili zimeshauzwa na kubomolewa. Panapanda ghorofa ndefu, kama kila mahali Spring Valley siku hizi. Walinzi ni wa kampuni, hubadilishwa kabla hujashika majina yao. Tangu barabara ya juu ianze kutumika mwaka 2022, anayetoka Westlands hufika uwanja wa ndege haraka kuliko msafiri wa Mbale anavyofika stendi. Soja alistaafu akarudi kwao. Kila Desemba nikipita namwekea mikate miwili, naye huikata vipande vyembamba.

Kitabu cha kamati kilibaki kwangu. Nimekipitia ukurasa kwa ukurasa hadi kikao cha mwisho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tangazo lile lilifutwa.