Dola Mbele ya Shylock

Kwa miaka mingi nimefundisha kwamba Nyerere, alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare na kuuita *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliitwaa fasihi ya mtawala kwa ajili ya utaifa. Mfanyabiashara mmoja wa anwani ya Kiingereza akawa mabepari wengi!

Mwaka 2024, baada ya maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha hapa Kenya, tulikuwa tukijadili utandawazi na madeni ya nje, mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, dola yetu ni nani katika mchezo huu?"

"Antonio," nikamjibu. "Ndiye aliyetia sahihi hati ya deni."

"Mbona basi nyama inakatwa kwetu?"

Nilinyamaza. Antonio aliuweka rehani mwili wake mwenyewe.