Siku Tulipoipima Kiu ya Peugeot ya Mzee

Mama alikuwa amekata shauri. "Gari hili la baba yenu linakunywa kuliko marehemu babu yenu," alituambia. "Liuzwe!" Mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuwa amekwisha kuja mara mbili kulizunguka. Nikaomba nipewe Jumamosi moja tu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 la kabureta na gia nne, aina ile iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Kwa lita kumi halikuwa likifika kilomita 50.

Saa moja asubuhi nilikuwa Ruiru, kwa fundi mmoja mzee wa jua kali. Aliinua boneti, akanusa kabla hata ya kutazama. "Kijana, hili halinywi," akasema. "Linamwaga."

Boya la kabureta lilikuwa limetoboka, kwa hiyo petroli ilifurika bila kizuizi. Choki ilikuwa imekwama nusu, plagi nyeusi tititi kwa masizi, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa likikamatwa na breki hata nisipokanyaga. Magari ya siku hizi yana kompyuta ya kupima petroli na hewa. La zamani lina boya, vitundu vidogo na sikio la fundi. Nasi, tangu Mzee afariki, hatukuwa tumelipeleka kwa yeyote mwenye sikio.

Saa tano lilikuwa tayari. Nikajaza tangi hadi shingoni hapo hapo Ruiru, nikashika njia ya Thika.

Msomaji, barabara hii iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka wa 2012 inashawishi mguu. Nilijizuia kwenye kilomita 70 kwa saa, huku matatu zikinipita na makondakta wakinicheka. Nilikuwa na sababu: ukiongeza mwendo maradufu, upepo hukupinga mara nne, na wa kulipia ni wewe. Nikaipita Juja na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kisha yakaja mashamba, na hatimaye Thika.

Mji huu na magari ni marafiki wa siku nyingi. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, zamani kikiitwa Leyland Kenya, kimekuwa kikiunganisha magari hapa tangu miaka ya 1970. Mimi nilikwenda kuegesha Blue Posts, hoteli ya tangu enzi za ukoloni, nikanywa chai nikisikiliza maporomoko ya Chania. Injini nayo ilipoe.

Kurudi kulikuwa kazi zaidi, kwani kutoka Thika kuelekea Nairobi unapanda, ingawa macho hayaoni mlima wowote. Mguu ndio unaojua.

Ruiru tena, pampu ile ile. Nilikuwa nimeenda kilomita 42. Tangi likajaa kwa lita nne na nusu na ushei, yaani kama kilomita tisa kwa lita. Gari dogo jipya litaniacha mbali, sikatai. Lakini ni karibu mara mbili ya tulivyozoea.

Mama alichukua karatasi yangu, akavaa miwani, akapiga hesabu upya peke yake. Kisha akaikunja.

"Basi litanipeleka kanisani," akasema. "Lakini petroli ni juu yako."