Hadithi Iliyoishia Njiani



Leo huenda nikakushangaza. Mchungaji wako ametazama katuni ya Kijapani. Tena si kipindi kimoja, ni vipindi 12, mpaka mwisho.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Binti yetu, aliye kidato cha tatu, alikuwa akijifungia chumbani na simu kila jioni. Nyumba zetu hapa Umoja unazijua, kuta ni nyembamba. Nikawa nasikia Kijapani, na yeye akicheka peke yake. Nikasema moyoni, adui ameingia. Nilikuwa tayari kumnyang'anya simu, lakini mke wangu akanizuia: "Baba watoto, utahukumu kitu hujakiona? Keti naye kwanza."

Nikaketi, lakini na daftari mkononi, kama mtu anayekusanya ushahidi.

Inaitwa Ao Haru Ride. Kuna msichana, Futaba. Zamani alikuwa mpole, wavulana wakampenda, na kwa sababu hiyo wasichana wenzake wakamtenga. Alipoingia shule ya upili akajigeuza: anakula kwa pupa na kujifanya mkorofi, ili marafiki wasimwonee wivu. Kuna pia Kou, mvulana aliyempenda tangu zamani. Walipatana kukutana saa moja jioni siku ya sherehe ya kiangazi, Kou hakutokea, kisha akahama. Sasa amerudi na jina jingine la ukoo na moyo uliofungwa, kwa maana wazazi wake waliachana na mama yake akafa kwa saratani.

Mpendwa, sisemi ni mahubiri. Lakini uchafu niliotarajia sikuuona, na daftari langu likabaki tupu. Tulipofika kipindi cha 12 nilikuwa nimenaswa kabisa. Nikangoja hao watoto hatimaye waambiane ukweli. Ghafla majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Imeisha?"

"Imeisha, Baba."

Nilikasirika! Karibu saa tano nimekaa, halafu hakuna jibu? Binti yangu akacheka, akanieleza kwamba hadithi ni ya mwandishi Io Sakisaka. Katuni ilionyeshwa kuanzia Julai hadi Septemba 2014, naye mwandishi alikuja kuimaliza 2015, vitabu 13. Katuni ilikoma kabla mwenyewe hajafika mwisho.

Nikamwuliza, "Sasa wewe ulipenda nini katika kitu kisicho na mwisho?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Futaba anajifanya mtu mwingine ili watu wakae naye. Baba, mimi hufanya hivyo kila Jumapili. Mtu akiniuliza hali, nasema nimebarikiwa, hata siku ambayo nimelia usiku kucha. Sijui kama ningeimba kanisani kama wewe hungekuwa mchungaji."

Mimi ninayeshauri familia za wengine nilikosa neno. Nilitaka kumpa mstari wa Biblia haraka haraka. Roho Mtakatifu akaniambia ndani, nyamaza.

Usiku ule nilisoma Luka 15. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, na karibu kila mara juu ya yule mwana mdogo aliyepotea. Lakini mwana mkubwa hakuwahi kuondoka nyumbani. Alifanya kazi miaka yote, na hakuna aliyejua uchungu uliokuwa ndani yake mpaka siku ile alipokataa kuingia. Baba akaacha sherehe, akatoka nje, akamsihi. Je, aliingia? Yesu hakusema. Hadithi inaishia nje ya mlango, na baba bado yuko na mwanawe.

Kesho yake nikamwuliza binti yangu angependa nini. Akasema angependa kupumzika kwaya mpaka ajue mwenyewe kwa nini anaimba.

Ilinichoma, mpendwa. Wazo langu la kwanza halikuwa juu ya roho yake. Lilikuwa: wazee wa kanisa watasema nini? Hapo ndipo nikajua ni nani aliyemfundisha mtoto wangu kujifanya. Si Wajapani. Ni mimi. Nikamwomba msamaha, nikamkubalia.

Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha nyuma. Watu waligeuka kumtazama. Mama mmoja akaniuliza kulikoni, nikamjibu, "Amepumzika, na mimi nimemruhusu." Bado anakaa huko nyuma. Jumapili nyingine anaimba na kutaniko, nyingine anafunga mdomo. Siku hizi nikimwuliza hali yake, ananiambia hali yake kweli. Haya ninayoandika ameyasoma na kuniruhusu.

Mzazi, kabla hujanyang'anya simu, keti. Uliza mtoto anapenda nini ndani yake, halafu usiharakishe kujibu. Na wewe kijana unayetabasamu kanisani huku moyo umefungwa, Baba wa mbinguni hajakusahau huko nje. Ametoka kukutafuta, na mbele zake huna haja ya kujifanya.

Bwana, tufundishe kutoka nje na kukaa na watoto wetu, hata kabla hatujajua mwisho. Katika jina la Yesu, amina.

Ubarikiwe.