Kwa pikipiki hadi Mombasa: Tazama matairi kwanza, bahari baadaye

Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa bila shaka waijua. Pengine umeipita usiku ukiwa ndani ya basi, kichwa umekilaza kwenye kioo. Au umeitazama kupitia dirisha la garimoshi la SGR, ambalo lilianza kuwabeba abiria mwaka wa 2017. Lakini wako Wakenya ambao huiteremka barabara hiyo juu ya pikipiki kubwa za safari: zile zenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na kiti kipana cha abiria nyuma. Huondoka alfajiri, na kabla ya magharibi wamefika pwani.

Ikiwa nyumbani kwenu yupo baba, mama, kaka au dada mwenye pikipiki kama hiyo, huenda siku moja akakwambia, "Vaa helmeti, twende Mombasa." Kabla hujapanda, inama utazame chini. Pikipiki iwe na injini kubwa namna gani, iwe na breki za bei namna gani, haiigusi lami ila mahali pawili tu, na kila mahali hapashindi ukubwa wa kiganja cha mkono wako. Nguvu zote za injini, breki zote na kila kona ya kilomita 480 hutegemea viganja hivyo viwili vya mpira. Nawe unayeketi nyuma huna usukani wala breki. Umemwekea mwenzako roho yako amana.

Yafaa kukumbuka kwamba tairi la hewa lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. Daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, John Boyd Dunlop, alitaka baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu iache kumtingisha. Akaifunga mipira iliyojazwa hewa, na mwaka wa 1888 akapewa hati ya ubunifu wake. Mskoti mwenziwe, Robert William Thomson, alikuwa ametangulia kusajili wazo kama hilo mwaka wa 1845, ila dunia haikumjali. Tangu siku za Dunlop kazi ya tairi ni ileile: kumbeba mpendwa wa mtu bila kumuumiza.

Kuchagua: usidanganywe na sura

Ukienda kwenye maduka ya vipuri jijini utaonyeshwa matairi ya kila namna. Yako ya mashindano, laini kama ufizi, yanayong'ang'ania lami kwelikweli. Yako pia yenye meno makubwa kama ya trekta, yaliyokusudiwa matope na changarawe. Ya kwanza yanavutia vijana, lakini kwenye njia ndefu iliyonyooka yataliwa upesi, nayo hupenda kupata moto mwingi kabla ya kushika vizuri. Ya pili yatatikisika na kunguruma kwenye lami, na penye maji hayatashika inavyotakikana.

Msafiri wa Mombasa anahitaji tairi la katikati, lililoundwa kwa mwendo mrefu. Mengi ya aina hii huwa na mpira wa namna mbili: mgumu kidogo katikati, mahali panapoliwa siku nzima njia ikiwa imenyooka, na laini pembeni, mahali panapotegemewa pikipiki inapolala kwenye kona. Mifereji yake imepangwa ili kufukuza maji mvua inaponyesha.

Sasa soma maandishi ubavuni mwa tairi. Kwenye gurudumu la mbele la pikipiki nyingi za safari utakuta 120/70 ZR17 (58W). Usiogope. Upana wake ni milimita 120. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Herufi R yaonyesha nyuzi za ndani zimepangwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na 17 ni inchi za kipenyo cha rimu. Nambari 58 maana yake tairi laweza kubeba kilo 236, na W maana yake lastahimili mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Utauliza, mbona 270 ilhali sheria zetu haziruhusu hata nusu ya mwendo huo? Jibu ni joto. Tairi linalostahimili mwendo mkubwa lastahimili joto kubwa, na njia ya Mombasa ina joto la kutosha. Kwa hiyo usishuke chini ya vipimo vilivyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, hata muuzaji akikwambia yote ni sawa.

Kisha tafuta nambari nne zilizozungushiwa mstari, karibu na herufi DOT. Zikiwa 2324, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani. Baada ya miaka mitano ukaguliwe na fundi kila mwaka, na ukitimiza kumi uondolewe hata kama meno yangali marefu. Tairi kuukuu linalong'arishwa kwa mafuta ili lionekane jipya ni la kuepukwa. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Matairi mapya yakishafungwa na kusawazishwa, hakikisha mshale ulio ubavuni unaelekea upande gurudumu linakozungukia. Halafu yazoeshe kwa upole kwa kilomita 150 hivi, kwa sababu uso wa tairi jipya huteleza. Si busara kufunga matairi Ijumaa jioni na kulala nayo kwenye kona za njiani Jumamosi asubuhi.

Upepo hupimwa asubuhi

Pikipiki nyingi kubwa za safari huhitaji upepo wa paundi 36 mbele na 42 nyuma, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha pikipiki yako. Vipimo hivyo ni vya tairi baridi, yaani kabla hujaondoka nyumbani. Nunua kipimo chako mwenyewe, maana vile vya vituo vya petroli havilingani. Ukishapima, rudisha vifuniko vya vali. Vifuniko hivyo vidogo huzuia vumbi na husaidia kuuzuia upepo usivuje.

Kisa cha kusisitiza hivi utakiona mwenyewe ukishapita Athi River. Kandokando ya barabara utakuta maganda meusi ya matairi ya malori, mengine marefu kama mamba aliyejilaza. Sababu mojawapo kubwa ya mipasuko hiyo ni upepo mdogo na mzigo mkubwa. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukunjika na kukunjuka kila linapozunguka. Kukunjika huko huzaa joto, nalo joto huutenganisha mpira na nyuzi zake. Lori likipasukiwa na tairi moja lina mengine ya kulishikilia. Pikipiki haina.

Maganda hayo ni hatari pia kwa anayeyakuta katikati ya njia. Usiliandame lori kwa karibu, kwani hutaona linachokivuka hadi kiwe mbele ya gurudumu lako.

Njiani

Kwenye vilima vya Salama na Kima barabara hupinda na kushuka, na hapo ndipo bega la tairi, ule mpira laini wa pembeni, hufanya kazi yake. Ikiwa tairi limeliwa katikati likawa bapa kama ubao, pikipiki hukataa kulala kwa utaratibu. Husitasita, kisha ikaanguka upande mmoja ghafla. Hilo ndilo gonjwa la wanaokwenda njia iliyonyooka siku zote. Tazama mifereji: ndani yake mna vijituta vidogo vya mpira. Mpira wa nje ukishalingana navyo, tairi limekwisha, wala hakuna mjadala. Lakini likiwa bapa, liondoe hata kabla ya kufikia hapo.

Baada ya Emali, anga ikiwa safi, angalia kulia. Huenda Kilimanjaro akakuonyesha kichwa chake cheupe kabla mawingu hayajamfunika. Tazama kwa jicho moja tu, kwa sababu malori ni mengi na matuta karibu na miji huja bila hodi.

Makindu ni mahali pema pa kupumzika. Pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, na msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Utavua viatu na kufunika kichwa, kisha utaketi ule. Kabla ya kuondoka, zunguka pikipiki yako. Pitisha macho juu ya matairi yote mawili ukitafuta msumari, kioo au ufa. Usipime upepo wakati huo ukaupunguza. Tairi limepata moto, na kipimo kitaonyesha paundi kadhaa zaidi ya za asubuhi. Hiyo ni kawaida. Ukiupunguza, tairi litakapopoa litakuwa na upepo haba.

Mtito Andei ni karibu nusu ya safari. Kutoka hapo hadi Voi barabara yapita katikati ya mbuga za Tsavo, Mashariki ikiwa kushoto kwako na Magharibi kulia. Lami hupata moto, njia yanyooka, na nyani hukaa kando wakitazama nani atatupa ganda la ndizi. Hapa ndipo kishawishi cha kuongeza mwendo huwa kikubwa. Kumbuka kwamba joto la tairi hutokana na mambo matatu: mwendo, mzigo na upepo mdogo. Mzigo umekwisha kuuchukua, na abiria yuko nyuma. Lililobaki mkononi mwako ni mwendo.

Msumari ukilichoma tairi lisilo na tyubu, mara nyingi halitatoa upepo wote mara moja. Utahisi usukani umekuwa mzito au mkia unayumba. Usikanyage breki kwa nguvu. Achilia petroli polepole na ujitenge kando. Tundu dogo lililo katikati ya uso wa tairi laweza kuzibwa kwa utambi wa mpira, na pampu ndogo ya betri italirudishia upepo. Lakini huo ni msaada wa kukufikisha kwa fundi, kwa mwendo wa taratibu. Tundu la ubavuni halizibwi kabisa, hata fundi akikuapia. Ubavu ndio unaokunjika, na kiraka hakistahimili.

Baada ya Mackinnon Road na Samburu upepo huanza kubadilika, na unyevu wa bahari huusikia usoni. Huku mvua yaweza kukukuta pasipo kutarajia. Dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji huinua mafuta na vumbi lililolala barabarani. Panapoegeshwa malori, kama vile Mariakani, na kwenye vituo vya petroli, dizeli iliyomwagika huteleza kuliko maji. Simama chini ya kibanda ukanywe chai, mvua ioshe njia kwanza.

Hesabu ya Mombasa

Ukishalala Mombasa, pima tena asubuhi tairi likiwa baridi. Hapa kuna jambo la ajabu kidogo, na wanafunzi wa fizikia watalifurahia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pwani ni nzito zaidi, nayo hulikandamiza tairi kutoka nje, hata kipimo kikaonyesha upungufu wa karibu paundi mbili na nusu. Lakini ikiwa uliondoka Nairobi kukiwa na nyuzi 14 na Mombasa kuna 28, joto hilo huongeza shinikizo ndani ya tairi kwa kiasi kama hichohicho. Mambo hayo mawili hukaribia kufutana. Kwa hiyo ukikuta paundi tano zimepotea, usiilaumu pwani. Tafuta msumari, au chunguza vali.

Jambo la mwisho ni la bajeti ya nyumbani. Tairi la nyuma la aina hii aghalabu hudumu kati ya kilomita 8,000 na 15,000, kutegemea uzito, mwendo na utunzaji. Kwenda Mombasa na kurudi ni karibu kilomita 970. Kwa hivyo ukifanya safari kama kumi hivi, weka akilini kwamba tairi jipya linakuja, na uanze kuweka akiba mapema. Anayengoja hadi liishe ndiye hununua lolote atakaloliona.

Na wewe ambaye huna pikipiki kubwa, ila kila asubuhi unamdandia mwanabodaboda kwenda shuleni au kazini, usidhani haya hayakuhusu. Matairi yake ni membamba na mengi yana tyubu, ambayo ikichomwa hutoa upepo wote kwa mara moja. Kabla ya kupanda, tupia jicho gurudumu la nyuma. Ukiona limekuwa kipara, au nyuzi zimeanza kuchungulia, mwambie kwa heshima, "Ndugu, tairi hili limechoka," kisha umngoje mwingine. Kuchelewa darasani kuna adhabu yake, lakini adhabu hiyo huisha kabla ya saa nne.